Jibu: kopi ya Arco inayoinama mbele

Mkuu, umeuliza kwa nini kopi yako ya Arco, ile taa ya sakafuni yenye tao refu na kitako cha jiwe, inainama ukivuta tao lote, na kama jiwe zito la ile halisi ni mbwembwe tu. Si mbwembwe hata kidogo. Taa ile inasimama kwa jiwe.

Ndugu wawili wa Milano, Achille na Pier Giacomo Castiglioni, waliibuni mwaka 1962 kwa ajili ya kampuni ya taa ya Flos. Walitaka mwanga ushuke katikati ya meza ya chakula bila kutoboa dari, na mtu aweze kupita na sahani nyuma ya waliokaa. Umbo walilitoa kwenye nguzo za taa za barabarani. Kwa kuwa kofia ya taa inakaa kama mita 2 kutoka kwenye kitako, kitako chenyewe kikawa marumaru ya Carrara, Italia, ya kilo 65 hivi ili kuizuia isianguke.

Sasa piga hesabu ya yako. Taa huangukia ukingo wa mbele wa kitako. Tuseme kofia ni kilo 3: zikiwa mita 2 mbele ya ukingo huo zinavuta sawa na kitako cha kilo 40 ambacho katikati yake iko sentimita 15 nyuma ya ukingo. Kitako cha kilo 30 kitanyanyuka. Cha kilo 40 kinasubiri mtoto aguse tu. Ukijaza zege badala ya marumaru, kumbuka ni jepesi zaidi: lita moja ni kama kilo 2.4, marumaru 2.7. Kwako tiba ya haraka ni kufupisha tao, au kufunga bamba la chuma nyuma ya kitako. Uzito ukiuweka upande wa mbele hausaidii.

Lile tundu kwenye jiwe si pambo. Unapitisha mpini wa ufagio, watu wawili wananyanyua. Pembe nazo zimekatwa ili zisiumize miguu. Usiisogeze kwa kuvuta tao.

Tao ni vipande vitatu vya chuma cha pua vyenye umbo la U, vinaingiliana, waya unapita ndani. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea: wanakaza bolti kabla ya kuacha waya wa ziada, halafu tao likirefushwa waya unavutika hadi unachomoka kwenye holda, au ukingo wa chuma unauchubua. Chomoa plagi, weka kitako mahali pake kwanza, kisha mguu unaoshika tao, kisha vipande vya tao, likiwa limeshavutwa hadi urefu unaoutaka. Kofia iwe ya mwisho. Bolti zikilegea, tao hujipinda pembeni, na watu hudhani sakafu ndiyo mbovu.

Kofia halisi ni ya alumini, sehemu mbili: ya juu ina matundu ya kutoa joto la globu, ya chini ni pete unayoweza kuigeuza kuelekeza mwanga. Kama yako haina matundu, tumia globu ya LED ya wati chache. Ile ya nyuzi inaweza kuunguza holda.

Na kuhusu kopi kuwa halali: Flos iliishtaki kampuni ya Semeraro kwa kuuza taa ya Fluida, inayofanana na Arco, kutoka China, kesi ikafika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, uamuzi ukatoka Januari 2011. Ukitaka kuagiza kopi za kuuza Ulaya, muone mwanasheria kwanza.