Jibu: Mgomo wa Jumatatu Kameruni, kabla ya vita au baada?

Habari mkuu. Umekwama hapa: Jumatatu za kufunga maduka Bamenda na Buea, miji ya mikoa ya Kameruni inayotumia Kiingereza, zililetwa na wapiganaji wanaotaka mikoa hiyo ijitenge au ziliwatangulia? Ziliwatangulia. Anza na tarehe, ndivyo ninavyowafundisha wanafunzi wangu hapa Dodoma. Mawakili waligoma Oktoba 2016, walimu Novemba, wakilalamikia mahakimu na walimu wanaozungumza Kifaransa kupelekwa mikoa ya Kiingereza. Januari 2017 ukaja mgomo wa watu wote, ndio huo wa Jumatatu: shule, soko, teksi, kimya. Serikali ikakamata viongozi, ikakata intaneti siku 93. Bunduki zilishika kasi mwishoni mwa mwaka huo.

Madai nayo uyatenganishe. Wengi mwanzoni walitaka shirikisho la upande wa Kiingereza na wa Kifaransa, lililofutwa 1972, lirudi. Kujitenga kulipata nguvu baadaye.

Jirani yangu huku Nkuhungu ni wa Bamenda. Kila Jumapili jioni humpigia mama yake kuuliza kama mkate na mafuta ya taa vimeshanunuliwa. Mama akichelewa kupokea, jirani hagusi chakula. Anayefungua Jumatatu huogopa kuchomewa duka, kwa hiyo mlango uliofungwa usiuhesabu moja kwa moja kuwa ni kura ya kuunga mkono.