Baridi Naipitishia Nje

Mhariri, juma hili mmetuuliza sisi tunaoishi nchi za baridi: miezi ya theluji mnaipitishaje bila kukata tamaa? Nawajibu kutoka Tromsø, mji wa watu wasiofika laki moja, kaskazini kabisa mwa Norwei. Hapa kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari jua halichomozi kabisa. Saa sita mchana huja mwanga wa buluu kama wino uliozimuliwa kwa maji, unakaa saa chache, kisha giza linarudi. Wenyeji huuita msimu huo mørketid, wakati wa giza.

Jibu langu: naipitishia nje. Lakini sikuanza hivyo.

Nimezaliwa Uvira, Kongo, nikakulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma. Majira yangu ya kwanza ya baridi hapa niliyaanza ndani, mapazia yamefungwa, nikisubiri jua lirudi. Mchana nalala, usiku macho makavu. Siku moja nikatoka kununua maziwa, nikateleza mbele ya duka, nikavunjika mkono. Nyumbani wakipiga simu huniuliza habari ya ubaridi, lakini ubaridi wenyewe unavumilika. Mkondo wa maji ya vuguvugu wa Atlantiki hufanya hata bandari isigande. Kinachotesa ni kwamba leo inaanguka theluji, kesho inanyesha mvua, kesho kutwa vyote vimeganda na barabara imekuwa kioo.

Aliyenitoa ndani ni jirani yangu, bibi wa miaka sabini na ushee. Alibisha hodi akiwa ameshika mpira mweusi wenye misumari midogo ya chuma, ule unaovishwa chini ya kiatu; wao huuita brodder. Alipiga goti pale mlangoni akanivisha kwa mikono yake. Kisha akagusa fulana yangu ya pamba akatikisa kichwa. Pamba ikishanywa jasho inakugandisha. Kinachokaa kwenye ngozi kiwe sufu. Akanifunga utepe unaong'aa mkononi ili madereva wanione. "Ut på tur, aldri sur," akasema, yaani aliyetoka matembezini hanuni.

Tukaenda Lysløypa, njia yenye taa ya watu wa skii, zile mbao ndefu nyembamba za kutelezea thelujini, inayokipitia kwa urefu wake kisiwa ulikojengwa mji wetu. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni, giza totoro. Nilidhani tutakuwa peke yetu. Nikakuta wazee, wanafunzi, baba anayevuta mtoto kwenye kigari cha theluji, mbwa wenye taa shingoni. Mwanamume mmoja alituomba kwa upole tusikanyage mifereji miwili iliyochongwa na mashine, kwa kuwa skii hupita humo. Waendao kwa miguu hukaa pembeni. Mji mzima ulikuwa nje, na mimi nilikuwa nimejifungia miezi miwili nikiamini umelala.

Tangu hapo kalenda yangu ikabadilika. Januari lipo tamasha la filamu, lililoanza mwaka 1991, na sinema nyingine huonyeshwa uwanjani katikati ya mji, watu wamesimama kwenye theluji. Mara ya kwanza machozi yalinitoka, maana kambini nako tulitazama sinema usiku, nje, mbele ya kitambaa cheupe. Mwezi huohuo zipo mbio za gizani, na mwishoni mwake tamasha la muziki.

Ila siku ninayoipenda kuliko zote ni tarehe 21 Januari, Soldagen, siku ya jua. Jua huwa limeshavuka upeo siku chache kabla, lakini milima ya kusini inalificha. Siku hiyo, mawingu yakiruhusu, linachungulia kwa dakika chache karibu na saa sita mchana. Watu husimama wakitazama kusini, na watoto hutolewa madarasani. Wote wanakula solboller. Nilipolishika la kwanza nilicheka kwa furaha: ni andazi! La mviringo, limekaangwa kwenye mafuta, limepakwa sukari, ndani lina jamu nyekundu. Binti yangu huyaita maandazi ya jua, na siku hizi napika yangu mwenyewe, natia iliki, nawapelekea majirani.

Februari 6 ni siku ya taifa ya Wasami, watu wa asili wa huku, kukumbuka mkutano wao wa Trondheim mwaka 1917. Juma hilo hufanyika mashindano ya kurusha kamba ya kunasia wanyama, na reindeer, wanyama wenye pembe kama matawi, hukimbizwa kwenye barabara kuu ya mji, kila mmoja akimvuta mtu aliyesimama juu ya skii. Kwato zinarusha theluji hadi usoni mwa watazamaji. Lakini mimi macho yangu huwa kwa akina mama wa Kisami waliovaa gákti, mavazi yao ya asili, za buluu na nyekundu, wakizungumza Kisami kwa sauti. Zamani watoto wao walikatazwa shuleni kusema lugha hiyo. Mimi ninayewalea wanangu kwa Kiswahili katikati ya Kinorwei, sauti zile zinanigusa.

Nisisahau: kijiko cha tran, mafuta ya ini la samaki, kila asubuhi katika miezi ambayo majina yake ya Kinorwei yana herufi r, Septemba hadi Aprili. Ndivyo walivyozoea wenyeji, na mwili unaokosa jua unakihitaji.

Mwaka jana alifika dada mmoja kutoka kambi ya Nakivale, Uganda, na watoto watatu, Desemba, katikati ya giza. Nilimpelekea misumari ya viatu kabla sijampelekea unga wa ugali. Siku ya pili tukapanda hadi Prestvannet, ziwa lililo juu ya kisiwa, limeganda jeupe, na juu yake nuru ya kaskazini, ule mwanga unaocheza angani usiku, ilikuwa ikijikunja kijani. Hakusema neno njia nzima. Watoto walijitupa thelujini, akawaacha.

Kesho yake alinipigia simu. "Dada, leo tunatoka saa ngapi?"