Kusema si kushtaki: kwa wadogo zangu mnaoingia chuo

Kila ufikapo mwezi wa nane, baraza letu hapa Malindi hugeuka ofisi ya safari. Vijana waliopata barua za chuo huja mmoja mmoja baada ya magharibi kuuliza: godoro ninunue huku au huko? Sanduku au begi? Nawajibu, kisha nami nauliza langu. Ukiamshwa saa nane za usiku na watu watano usiowajua, utakwenda kwa nani? Wengi hucheka.

Mimi pia ningecheka. Nilikuwa wiki yangu ya pili katika chuo kimoja cha bara wakati mlango ulipogongwa. Vijana wa mwaka wa tatu walitutoa wageni wote kwenye ujia wa hosteli, tukatambaa kwa magoti mpaka vyooni, tukasugua. Mimi niliamrishwa nihutubie kwa Kiswahili cha Pwani huku wakiniiga, na mmoja akirekodi kwa simu. Visheti alivyonifungia mama kwenye kopo la maziwa ya unga vililiwa mbele ya macho yangu. Asubuhi tukatangaziwa utaratibu: nguo zao tutafua sisi kila Ijumaa, na kila mmoja atatoa pesa ya ugeni. “Hili ndilo jando lenu,” wakasema.

Neno hilo lilinikaa. Jando nilijualo mimi lina kungwi anayejulikana kwa jina na kwa nyumba, na mwari akipata homa kungwi ndiye anayeulizwa. Hili la hosteli lilikuwa na wenyewe usiku tu. Kulipokucha hakuna aliyekuwapo.

Sasa nisikilizeni hapa, maana ndipo nilipopoteza wiki tatu nzima. Siku ya nne nilijikaza nikaenda kwa mshauri nasaha wa chuo. Mama mtaratibu sana. Alinipa maji, akanisikiliza saa nzima, nikalia, nikatoka nimepata pumzi. Nikarudi chumbani nikingoja wale vijana waitwe. Ijumaa ikaja, nikafua. Ijumaa ya pili nikafua tena. Nikaanza kuamini kuwa chuo kimesikia na kimeamua kunyamaza, na fikra hiyo iliniumiza kuliko vyoo.

Chuo hakikuwa kimesikia lolote. Kazi ya mshauri nasaha ni kuitunza siri yako. Bila ruhusa yako haitoki mle chumbani, isipokuwa anapoona maisha yako au ya mwenzako yamo hatarini. Nilikuwa nimesema, sikuwa nimeshtaki. Basi mkiingia kwake muulizeni waziwazi: “Haya ninayokwambia yanafika wapi? Na nikitaka yafike mbele, utanisindikiza?” Wa kwangu nilipomuuliza hivyo mara ya pili, alinyanyuka tukaenda pamoja. Angenyanyuka tangu siku ya kwanza, laiti ningejua kuuliza.

Penye kushtakia ni ofisi ya mkuu wa wanafunzi, na huko maneno matupu hayaendi mbali. Niliingia nikasema nimeonewa. Afisa akaniuliza, kwa upole tu: “Sasa unataka tukufanyie nini?” Sikuwa na jibu. Nilikuwa na maumivu, sikuwa na ombi. Nikarudi kesho yake na barua ya ukurasa mmoja: tarehe, saa, mahali, nani alifanya nini, nani alishuhudia, na chini kabisa mambo mawili ninayoyataka, nihamishwe chumba na video ifutwe. Mwanafunzi mmoja wa sheria alinikumbusha niandike kifungu cha 29 cha Katiba ya Kenya ya 2010, ambacho humkinga mtu na ukatili hata ule utokao kwa mtu binafsi, si serikali peke yake. Nilitoa nakala mbili. Moja nikawaachia, ya pili nikaomba igongwe mhuri wa tarehe ya kupokelewa. Karani alinuna. Mwacheni anune.

Msimamizi wa hosteli? Mweleze kama mlango wako haufungi, au usiku uleule ukihitaji mlinzi. Wangu alicheka akasema hata yeye alipitia. Viongozi wa wanafunzi nao wanaweza kukusemea, lakini angalia kwanza nani hula na nani, kwani kura za mwaka wa tatu ni nyingi kuliko zako. Msikitini au kanisani chuoni utapata watu wa kukaa nao jioni ili usirudi chumbani peke yako, na hilo si dogo. Chama cha wanafunzi wa Pwani ni kizuri pia, ila msidhani kila aliyetoka kwetu ni mwenzenu. Mmoja kati ya wale watano alikuwa mtu wa huku huku, na ndiye aliyejua kuniiga vizuri.

Kuhusu video. Nilitaka kuifuta kila nilipoiona. Msiifute. Pigeni picha ya skrini inayoonyesha kundi iliporushwa, namba ya aliyeirusha na tarehe, muihifadhi mahali pengine nje ya simu, wala msimtumie rafiki “aone tu.” Kumdhalilisha mtu mitandaoni kuna sheria yake Kenya tangu 2018, na ushahidi huo ndio utakaosema mbele ya kamati au polisi.

Ukipigwa ukaumia, hospitali kwanza. Usingoje ofisi ifunguliwe. Tunza kila karatasi ya matibabu, kisha kituo cha polisi, uandikishe na uondoke na namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Fomu ya P3, ile ya kuthibitisha majeraha, utapewa huko na daktari ndiye ataijaza. Na kama uliguswa kwa namna ya zinaa, uwe mvulana au msichana, usioge wala kufua nguo ulizovaa, wahi hospitali kabla ya saa 72 kwisha, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi zina mwisho wake. Namba ya simu 1195 ni ya bure kwa mambo ya ukatili wa kijinsia, na aliyeingia chuo kabla ya kutimiza miaka 18 ana 116, simu ya msaada kwa watoto.

Nyumbani je? Mimi nilimficha mama kwa kuona aibu, nikijiambia najisitiri. Sitara ile ilikuwa yao, si yangu. Lakini nilipofungua mdomo nilimwambia ami, naye usiku uleule akataka kukodi matatu ijaze vijana wa mtaa waje bara. Ilichukua simu sita kumtuliza. Chagueni sasa, kabla ya kusafiri, mtu mmoja wa nyumbani anayejua kusikia jambo bila kupanda nalo gari, mkubaliane naye kabisa: nikikupigia usiku, nisikilize kwanza.

Barua yangu ilijibiwa baada ya siku tisa. Nilihamishwa Alhamisi, nikauvuka uwanja na godoro kichwani, na wawili kati ya wageni wenzangu wakanibebea ndoo na vitabu. Hao nao waliandika barua zao wiki iliyofuata. Wale vijana waliitwa mbele ya kamati ya nidhamu, watatu wakasimamishwa muhula mmoja, wawili wakakana na hakuna shahidi aliyewataja. Nilikuwa nikipishana nao kwenye foleni ya chakula mpaka walipomaliza.

Kopo la maziwa sikurudishiwa. Mama bado huliuliza.