Basi la Majengo, na mengine ninayowaambia kabla ya Jumamosi

Jumamosi iliyopita nilisimama kando ya hema pale Dunga, ufuoni hapa Kisumu, nikamtazama kijana wetu mmoja akimwandikia mwenye viti vya kukodi. Jua usoni, kidole kinakimbia. Nikausoma ujumbe juu ya bega lake: "Bosi viti kesho 9." Basi. Hakusema viti vingapi wala lango lipi. Akaitia simu mfukoni, akaondoka akipiga mbinja. Nilipomwita akarudi akitabasamu: "Usijali mama, huyu tunaelewana."

Neno hilo "tunaelewana" nimewahi kulisema mimi, na hadi leo nikilisikia tumbo hunikaza. Ninyi mlioingia kazi hii ya kuandaa sherehe mwaka huu nawapenda. Mnabeba spika ghorofa tatu bila kuhema na kupamba meza mnajua kunishinda. Lakini mnajikwaa penye kisiki kilekile tulichojikwaa sisi, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja huja kwangu anachechemea akidhani ni wa kwanza. Nimechoka kuwafunga vidole. Acheni niwaonyeshe kisiki kilipo.

1. Tarehe kabla ya arbuni. Usipokee hata shilingi kabla hujauliza siku hiyo mji una nini kingine. Mwaka 2022 mteja wetu alichagua harusi Jumamosi ya tarehe 21 Mei. Tukakubali, tukachapisha kadi, kisha wageni wa Nairobi wakaanza kutafuta vyumba. Mkutano wa Africities ulikuwa hapa Kisumu tarehe 17 hadi 21 Mei, mameya na wajumbe kutoka Afrika nzima, na habari hiyo ilikuwa imetangazwa zamani. Mwenye kalenda alikuwa nani kama si sisi? Wazee wa upande wa bwana harusi tuliwalaza Ahero na Maseno, kwa jamaa na kwa jamaa wa jamaa. Angalieni pia wiki ya kufungua shule. Mzazi aliyetoka kulipa karo hana mchango, na hata akija, akili yake iko kwa sare na madaftari.

2. Mvua. Asubuhi ya Kisumu haina la kukuambia kuhusu jioni yake. Jua likipanda, upepo hutoka ziwani kuelekea bara, unakutana na milima ya Nandi, na kufikia alasiri mawingu yamejijenga upande ule kama ukuta. Kati ya Machi na Mei ukipanga hotuba kuu saa kumi jioni umeipangia ngurumo. Mambo mazito yaishe kabla ya saa nane. Hema lifungwe kwa vigingi na kamba hata kama mwenye hema anasema ardhi ni ngumu, na awepo mtu mmoja mwenye ufagio wa mpini mrefu, kazi yake kusukuma maji yanayotuama juu ya turubai. Mtu huyo mpeni chakula mapema. Nimeona hema la watu 100 likilemewa na maji upande mmoja mpaka nguzo ikapinda kama mua, na aliyekuwa na ufagio ameenda kutafuta chapati.

3. Vibali. Mkutano wa hadhara au maandamano, notisi ifike kwa mkuu wa kituo cha polisi siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla ya siku yenyewe. Sheria ya utulivu wa umma inasema hivyo. Harusi na sherehe za nyumbani hazimo. Spika za nje zina kanuni zake za kelele, za mwaka 2009, kwa hiyo shughulikieni kibali chake mapema, na nakala ikae kwenye mkoba wa mshereheshaji, isiachwe ofisini.

4. Pesa. Kikomo cha M-Pesa ni shilingi 250,000 kwa muamala mmoja na 500,000 kwa siku. Msisubiri asubuhi ya sherehe mkalipe hema, mpishi, sauti na basi kutoka laini moja.

5. Saa. Hapa kaeni chini.

Ilikuwa sherehe ya mwalimu aliyestaafu. Alikuwa amefundisha darasa la kwanza huko Vihiga kwa zaidi ya miaka thelathini. Watoto wake, wote wana kazi hapa mjini, walikodi bustani moja Milimani ili wamshukuru. Kulikuwa na jambo moja ambalo waliniomba lisikosekane. Mama yake mwalimu, ajuza aliyepita miaka themanini, pamoja na walimu wenzake wa zamani na majirani, jumla watu 33, waletwe kwa basi kutoka Majengo, kulekule Vihiga. Mwalimu hakuwa ameambiwa. Angeingia bustanini saa nne asubuhi na kumkuta mama yake ameketi mstari wa mbele.

Dereva nilipatana naye kwa simu Jumatano. Tuliongea bei, tukaongea mafuta na mahali pa kuegesha. Saa nadhani tuliitaja. Ijumaa usiku, mpambaji ananiuliza rangi ya vitambaa, mpishi anangoja pesa ya vitunguu, nikamwandikia dereva: "Basi Majengo 2, watu 33, usichelewe." Akajibu, "Sawa." Nikalala.

Mnajua tunavyoishi na saa huku. Mdomoni hakuna tatizo: ukimwambia mtu saa mbili asubuhi, atakuja jua likiwa bado jororo. Tatizo huanza kidole kinapoandika tarakimu peke yake. Mimi niliandika 2 huku nikisikia sauti yangu ikisema saa mbili asubuhi. Yeye akasoma 2 kama wanavyomwandikia wateja wake wa ofisini, saa nane mchana. Kwa hiyo asubuhi ile alichukua safari nyingine, akapeleka watu mazishini Siaya, na huko simu yake ikaisha moto.

Wazee walikuwa kwenye baraza ya duka pale Majengo tangu saa moja. Waliona saa mbili ikipita, saa tatu ikipita. Namba waliyokuwa nayo ni ya binti wa mwalimu, na simu ya binti ilikuwa ndani ya mkoba, imezimwa sauti, mwenyewe anasukwa nywele. Namba yangu hakuna aliyekuwa nayo, kwa sababu sikuwapa. Na mimi nilikuwa na namba ya dereva tu. Kati yangu na watu 33 palikuwa na simu moja, nayo imekufa.

Mwalimu aliingia saa nne kamili, vigelegele vikapigwa. Watoto wake hawakumtazama yeye, walinitazama mimi. Mstari wa mbele ulikuwa viti vitupu vyenye utepe mweupe. Nikamwambia mshereheshaji avute muda. Akavuta: nyimbo, salamu za kila ukoo, nyimbo tena. Saa tano nikamtuma kijana na gari dogo. Robo saa kabla ya saa sita akanipigia kutoka Majengo: "Mama, wako hapa wote. Hakuna aliyeondoka." Nikamwambia amlete bibi kwanza. Nikasikia mazungumzo ya Kiluhya upande wa pili, kisha kijana akarudi kwenye simu: "Anasema ametoka nyumbani na wenzake, atafika na wenzake."

Tukatafuta matatu. Jumamosi ile zilipita zimejaa, moja baada ya nyingine, mpaka saa saba ndipo kijana akapata wenye matatu waliokubali kukodishwa. Bustanini siri ilikuwa imeshavuja. Mwalimu alipojua mama yake yuko barazani pa duka, alisukuma sahani yake kando na kusema hatakula. Mwalimu asipokula nani atakula? Wageni 200 wakaketi mbele ya wali unaopoa na chapati zinazokauka kingo. Mchungaji akaomba radhi, akaombea chakula kisicholiwa, akaenda kwenye ibada nyingine.

Saa nane kamili simu yangu ikalia. Ni dereva. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetimiza ahadi. "Mama, nimefika Majengo, mbili kamili kama ulivyoniandikia. Watu wako wapi?"

Nilifungua ule ujumbe nikausoma nimesimama nyuma ya jiko la mpishi. Herufi zote zilikuwa zangu. Nilimlipa pesa yake yote siku ileile, na nikamwambia kosa ni langu, kwa sababu lilikuwa langu.

Matatu zilifika nusu saa baadaye. Wa kwanza kushuka alikuwa yule ajuza, gauni lake la kanisani limekunjamana mgongoni kwa kuegemea ukuta, na kwapani ana kuku jike mwekundu aliyefungwa miguu kwa kipande cha kitenge. Zawadi ya binti yake. Kuku alikuwa ameachama mdomo kwa joto. Baadaye mwalimu mmoja mzee alinieleza kwamba asubuhi nzima bibi alimweka kuku huyo chini ya benchi kwenye kivuli, na kila kivuli kiliposogea alimsogeza, akimnywesha maji kwa kifuniko cha soda. Nilikwenda kumshika mkono nimwombe msamaha. Akanishika yeye, kwa mikono miwili, akaniambia kwa Kiswahili cha pole pole: "Mwanangu, tulidhani mmeona hatufai kuja mjini."

Alisema hivyo bila hasira. Kwa muda wa saa sita na nusu watu 33 waliovaa nguo zao bora walikaa kando ya barabara wakijiuliza ni aibu gani waliyoifanya, kwa sababu mimi nilikuwa na haraka ya kuandika tarakimu moja. Hotuba ya mwalimu mwenyewe, ile aliyoiandika kwa mkono kurasa nne, ilikatishwa na mvua ya saa kumi. Picha ya familia ilipigwa hema likichuruzika. Familia ilinilipa salio langu lote, nami nikarudisha nusu. Wakakataa, nikarudisha tena.

Tangu siku hiyo saa naiandika kwa maneno na sehemu ya siku: saa mbili asubuhi, saa nane mchana. Kisha napiga simu, nasema, "Hebu niambie unafika saa ngapi na wapi." Simwulizi kama ameelewa, maana kila mtu ameelewa. Namwacha aseme yeye. Kila upande wa safari unakuwa na watu wawili wenye namba yangu, na mimi nina namba zao. Alfajiri ya siku yenyewe naamka na kupiga tena. Wengine huchoka na mimi. Wachoke.

Basi pale Dunga nilimfanya kijana wetu ampigie mwenye viti mbele yangu, sauti juu. Akamwuliza anafika saa ngapi. Jibu likaja bila kusita: "Si uliandika tisa? Tisa alasiri niko hapo." Ibada ilikuwa ianze saa nne asubuhi. Tabasamu lilimtoka kijana, na nilimhurumia, nikamnunulia soda. Lakini afadhali limtoke siku moja kabla.

6. Umeme. Jenereta mnaijaribu kwa taa mbili mnasema iko sawa. Ijaribuni kwa mzigo wote, spika zote, taa zote, friji ya mpishi, kwa nusu saa. Na aliyeileta asiondoke na ufunguo wa tangi.

7. Taa kando ya ziwa. Wale wadudu wadogo wa ziwa hutoka makundi makundi kama mawingu, zaidi usiku wa mwezi mchanga, nao hufuata mwanga. Taa kali iwekeni mbali na meza ya chakula, iwavute kule. Mmesahau hili mara mbili mwaka huu, na mara zote mbili mchuzi ulimwagwa.

8. Mashua. Programu ikiwa na safari ya ziwani, mpigieni mwenye mashua asubuhi hiyohiyo. Gugumaji huendeshwa na upepo. Ufuo uliouacha wazi jioni unaweza kuamka umezibwa kijani kibichi.

9. Chakula. Kadi 200 huku kwetu pikeni sahani 250, na mpakue pande mbili za meza. Madereva, walinzi, wapiga muziki na watu wa hema wale kwanza, wakiwa wameketi. Dereva wa lile basi alirudi Kisumu siku ile na gari tupu, hakuna aliyemkumbuka kwa sahani, na mimi ndiye nilipaswa kumkumbuka. Nilimtafuta wiki iliyofuata stendi. Hadi leo nikiwa na basi la kukodi, namwita yeye kwanza, na kabla sijafungua mdomo huniambia mwenyewe: "Saa mbili asubuhi, Majengo, mama. Jua likiwa la kuota."

Jumamosi hii tuna harambee. Tukutane lango la juu la ukumbi, upande wa mwembe, saa kumi na mbili asubuhi kukiwa bado na giza, kila mtu na tochi. Nijibuni usiku huu kabla ya kulala, mniandikie saa hiyo na mahali hapo kwa maneno kamili. Wewe wa viti ndiye wa kuanza.