Siku ya Mashujaa wilayani: isigeuke mkutano wa hadhara

Julai 25, Siku ya Mashujaa Tanzania, si siku ya mapumziko. Ofisi ziko wazi, wanafunzi wako darasani, daladala zinapakia kama kawaida. Ndiyo maana maandalizi yake huachwa mpaka wiki ya mwisho, mtu anapokumbuka kwamba mkuu wa wilaya atahitaji ngao ya kuweka mnarani. Matokeo yake yanafahamika: hotuba nne, kimya cha sekunde kumi na tano, na wajane wa Vita vya Kagera wamekaa juani ilhali viti vya kivulini vimejaa watumishi.

Haya yanawahusu wanaoandaa ngazi ya wilaya, kata na shule. Shughuli ya kitaifa ina wenyewe. Kwa miaka mingi ilifanyika kwenye Mnara wa Mashujaa, Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, na miaka ya karibuni imekuwa Dodoma. Huko Rais huweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, meya upinde na mshale, na mwakilishi wa askari wastaafu shoka. Wilayani mnafuata mfano huo kwa kadiri ya watu mlio nao. Ila mkumbuke kuwa siku hii inabebwa na majina na kimya. Vingine vyote, hotuba ya mgeni rasmi ikiwemo, ni pambo.

Majina

Anzeni mwezi Mei. Chukueni daftari kubwa, mchore safu saba: majina matatu kamili, cheo, kikosi, vita au operesheni, mwaka, alipozikwa, na ndugu wa karibu na mahali anapopatikana. Safu ya mwisho ndiyo huachwa wazi mara nyingi, na ndiyo inayoleta aibu, maana jina husomwa hadharani na mwenye marehemu wake yuko kijiji cha tatu, hana habari.

Kosa la kwanza ni kuandika wanajeshi wa JWTZ peke yao. Vita vya Kagera, vya 1978 na 1979 dhidi ya Uganda, vilipiganwa pia na mgambo, polisi, Magereza na vijana wa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa). Mgambo ndio husahaulika kuliko wote, kwa sababu aliyetoka shambani na kupewa bunduki mara nyingi hakuacha karatasi nyumbani. Hawa mtawapata kwa wenzao waliorudi. Kaeni na wazee hao wawili au watatu kwa pamoja, si mmoja mmoja; mmoja akitaja jina, mwingine atasahihisha kikosi, wa tatu atakumbuka kwamba huyo hakufa vitani bali alirudi na kuhamia Mpanda.

Kosa la pili ni kudhani mashujaa ni wa Kagera tu. Kuna waliokufa kwa ajili ya ukombozi wa Msumbiji, ambao makaburi yao yako Naliendele, Mtwara. Kuna walinda amani waliouawa Semuliki, Mashariki ya Kongo, Desemba 7, 2017. Hao wajane wao wengi bado ni vijana na baadhi ya watoto wao wako shule. Wilaya nyingine zina watu wao wa zamani zaidi. Songea wana Februari 27 yao, siku viongozi wa Majimaji, vita vya kupinga utawala wa Wajerumani, waliponyongwa mwaka 1906. Ukirudi Vita vya Kwanza vya Dunia kuna wapagazi waliochukuliwa kubeba mizigo ya majeshi, ambao jina lao la Kiingereza, Carrier Corps, ndilo lililotuachia neno Kariakoo. Wengi wa hao hamtapata majina yao. Msomaji aseme hivyo kwa sentensi moja kabla ya kuanza orodha: "Na wapagazi wa wilaya hii ambao majina yao hayakuandikwa."

Kabla hamjasoma jina, nendeni kwa familia. Kuna nyumba ambazo hazikupata mwili wala kaburi, na kusikia jina kwenye spika bila kuambiwa mapema ni kama kupokea taarifa ya kifo upya. Waulizeni pia jina hutamkwaje. Majina ya Kihaya yanayoanza na Rw, au ya kusini yanayoanza na N ikifuatwa na konsonanti, yanamshinda msomaji ambaye hajafanya mazoezi, naye ataboronga mbele ya mama mzazi. Mwandikieni pembeni kwa silabi.

Soma cheo na jina, basi. "Marehemu" ikirudiwa mara arobaini inakuwa mdundo wa ngoma, watu wanaacha kusikiliza. Jina moja na pumziko lake huchukua kama sekunde tano, kwa hiyo majina 40 ni dakika tatu na ushee. Mkizidi 100, wasomaji wawe wawili wapokezane na wazee wabaki wameketi. Pangeni kwa alfabeti, si kwa vyeo. Mkianza na meja, familia ya koplo itasubiri hadi mwisho.

Kimya

Dakika moja ina sekunde 60. Inaonekana haihitaji kusemwa, lakini anayeongoza shughuli akiwa amesimama mbele ya watu 400 huiona dakika ndefu kama saa, na ikifika sekunde ya ishirini anashika maiki. Mpeni mtu mwingine saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde. Yeye ndiye atoe ishara, na mwongozaji asiguse maiki mpaka aione.

Kitaifa mizinga hutumika kufungua na kufunga kimya hicho. Nyinyi tafuteni mpiga tarumbeta kutoka Polisi, Magereza au kambi ya JKT iliyo karibu. Barua iende mwezi mmoja kabla, kwa sababu siku hiyo kila wilaya inamtaka. Mfuatano ni huu: wimbo wa maombolezo wa tarumbeta, kimya, wimbo wa kuamsha. Mpiga tarumbeta asiketi saa nzima bila kupuliza, midomo inapoa na noti ya kwanza inakwaruza. Aende nyuma ya jengo apashe dakika kumi kabla.

Mkimkosa, tumieni kengele ya shule. Kengele moja mwanzo, moja mwisho. Msitumie sauti iliyorekodiwa kwenye simu na kuunganishwa na spika. Simu hiyo itapigiwa, na mlio wake utasikika uwanja mzima katikati ya kimya.

Kuna na jenereta. Watu hawaisikii mpaka kila kitu kinyamaze, ndipo inanguruma peke yake. Iwekeni upande upepo unakoelekea, nyuma ya jengo, waya wa kutosha, au mtumie spika ya betri. Kuizima kwa ajili ya kimya halafu kuiwasha si suluhisho, kwa maana mara nyingi inagoma.

Kofia za kawaida zinavuliwa. Baragashia, kilemba na hijabu ni vazi la mtu na dini yake, viacheni. Askari wenye sare wanafuata amri ya kiongozi wao wa gwaride, kwa hiyo mwongozaji asiwaambie "tusimame" wakati wao wamekwisha simama.

Mkuki, ngao na vingine

Hapa ndipo pa kuharibikiwa. Mgeni rasmi anafika kwenye mnara na mkuki wa mita 1.8, hakuna mahali pa kuuweka, anauegemeza, unateleza na kuanguka juu ya ngao. Mnara wenu ukiwa ni nguzo laini ya saruji, tengenezeni kitako cha mbao nzito: tundu la mkuki lenye kina cha sentimita 10, limelazwa kidogo kuelekea nguzo, na ndoano ya ngao kwenye urefu wa sentimita 120 hivi ili mtu asiiname. Mkuki unasimama ncha juu. Sime na shoka vipewe vishikizo vyao pembeni, mpini ukielekea kwa mwekaji. Upinde una tabia ya kujizungusha kwenye msumari mmoja, hivyo upigieni misumari miwili.

Msikodi mapambo ya plastiki ya kikundi cha ngoma. Mkuki na ngao halisi hupatikana kwa wazee au mafundi wa eneo lenu, na vikitunzwa vitatumika miaka mingi. Jaribuni kila kitu Julai 23, si asubuhi yenyewe, na wawekaji halisi wawepo au wawakilishwe na mtu wa kimo chao. Kila mmoja ahesabiwe hatua: anapokea kifaa, anakwenda, anaweka, anarudi hatua moja, anasimama kidogo, anageuka. Nusu dakika inamtosha.

Swali la ua jekundu la kifuani, wanalovaa Waingereza Novemba 11, huzuka kila mwaka kwenye kamati. Hatulihitaji. Mkuki na shoka vinajieleza.

Shada ndilo la kutengeneza wenyewe. Pete ya sponji ya maua yenye kipenyo cha sentimita 45 inatosha. Iwekeni juu ya maji kwenye beseni pana, mwiache izame yenyewe. Ukiikandamiza kwa mkono, nje inalowa na katikati inabaki kavu, na maua yaliyochomekwa hapo yatakuwa yamelala shingo ifikapo saa nne. Funikeni pete yote kwa majani magumu kwanza, ya mwembe yanafaa, ndipo mchomeke waridi 40 hivi zilizokatwa vikonyo kwa mshazari. Ua likishachomekwa lisichomolewe na kurudishwa tundu lile lile, kwa sababu upepo umeshaingia halitanywa tena. Bogenvilia inavutia ikiwa uani, ila ikikatwa hunyauka kabla wageni hawajaketi. Shada litengenezwe jioni ya Julai 24 na lilale mahali pa baridi, likinyunyiziwa maji.

Mwenge, bendera na ratiba

Kitaifa mwenge wa kumbukumbu ya mashujaa huwashwa saa 6 usiku wa Julai 24 na kuzimwa saa 6 usiku wa Julai 25. Huu si Mwenge wa Uhuru, ule uliopandishwa Kilimanjaro Desemba 9, 1961. Wanafunzi huchanganya, waelezwe. Mkiamua kuwasha wenu, tumieni mafuta ya taa, kamwe si petroli. Washeni kwa saa moja siku ya majaribio, mpime yaliyopungua, mzidishe mara 24, muongeze robo. Msijaze mafuta moto ukiwaka. Muwe na vyombo viwili, cha pili kiwashwe kutoka cha kwanza, halafu cha kwanza kizimwe na kijazwe kikishapoa. Walinzi wawe wa zamu, wawili wawili, saa mbilimbili.

Bendera ya Taifa: pembetatu ya kijani iwe juu upande wa mlingoti, bluu chini upande wa nje. Mkiona bluu iko juu kwenye mlingoti, imegeuzwa. Kuishusha nusu mlingoti si uamuzi wa kamati, ni wa agizo la serikali. Agizo likiwepo, ipandisheni kwanza mpaka kileleni ndipo ishuke nusu, na jioni irudi kileleni kabla ya kuteremshwa.

Ratiba nzima isizidi saa moja. Watu wawe wameketi saa 2:45 asubuhi, mgeni rasmi saa 3:00, Wimbo wa Taifa, vifaa kuwekwa, tarumbeta na kimya, majina, dua na sala, maneno mafupi, Wimbo wa Taifa. Viongozi wa dini wapewe dakika tatu kila mmoja na waambiwe siku mbili kabla, si kwa kuvutwa kanzu jukwaani. Julai 25 ikiangukia Ijumaa, hakikisheni hata chai ya wazee imekwisha kabla ya saa 6. Ikiwa Jumapili, zungumzeni na makanisa mapema kuhusu ibada ya kwanza.

Wajane, wazazi na askari wastaafu ndio safu ya mbele, kivulini. Andikeni majina yao kwenye viti na muweke kijana wa kulinda viti hivyo, la sivyo vitakaliwa na maofisa waliowahi. Wekeni maji karibu. Wanafunzi wa gwaride wale asubuhi na waambiwe wasikaze magoti, maana wanaosimama hivyo kwa nusu saa ndio huanguka.

Makaburi

Wiki moja kabla, safisheni. Makaburi ya saruji hupakwa chokaa iliyolowekwa usiku kucha na kutiwa chumvi kidogo ili ishike. Kabla ya chokaa, bandikeni karatasi juu ya maandishi. Wasafishaji wenye ari hufunika jina kwa brashi, na baada ya miaka mitatu ya ari hiyo kaburi halisomeki. Herufi zilizofifia zipitiwe kwa rangi nyeusi na brashi nyembamba, na mtu mwenye mwandiko.

Mawe ya makaburi ya Jumuiya ya Madola, kama yaliyoko Dar es Salaam, Moshi, Tanga na Iringa, yana watunzaji wake. Msiyaguse kwa chokaa, brashi ya waya wala dawa ya kufulia. Mkipanga kwenda Kaboya, Muleba, walikozikwa wa Vita vya Kagera, ombeni kibali jeshini mapema, na picha mpige tu mkiruhusiwa.

Jioni ya Julai 25 futeni mkuki, sime na shoka, mpake mafuta ya mashine, mfunge kwa kitambaa kikavu na kuhifadhi ofisini kwa orodha iliyosainiwa. Shada liachwe mnarani siku tatu, kisha liondolewe kabla halijawa takataka. Na daftari lifunguliwe tena wiki hiyo hiyo: siku ya kumbukumbu haipiti bila mtu kumfuata msomaji na kusema baba yake hakutajwa, au ametajwa kwa kikosi kisicho chake. Mwandikeni papo hapo, na namba yake ya simu.