LilyPond ikikwama kwenye fonti, tazama kwanza inafanya nini

Kwaya nyingi hapa Tabora zinaimba kwa solfa, na mwalimu akishaandika d, r, m ubaoni kazi inakwenda. Vijana wa kinanda ndio wanaodai nota za mistari, na kwa ajili yao natumia LilyPond, programu huria ya kuchapa muziki. Kama unachotaka ni wimbo wa Jumapili tu, pakua ile iliyokwisha tengenezwa, usijitese. Ushauri huu ni kwa wanaoikompaili wenyewe, yaani kuijenga kutoka msimbo wake, maana karibu wote wanaonipigia simu wamekwama palepale: make, programu inayoendesha ujenzi huo, imefika kwenye fonti, skrini imetulia, kosa halionekani.

Usibonyeze Ctrl-C kuikatiza bado. Alama za nota zinachorwa kwa MetaPost (amri yake ni mpost), kisha FontForge inazikusanya kuwa fonti ya Emmentaler kwa saizi nane, kuanzia 11 hadi 26. Kwenye laptopu ya zamani, kimya hicho kinaweza kuwa kazi halali kabisa.

Fungua terminali ya pili, andika `top` uone programu zinazofanya kazi. Ukiona mpost au fontforge inakula prosesa, iache, nenda kanywe chai. Ikiwa haimo juu kabisa, itafute kwa `ps aux`. Ukiikuta ipo na prosesa haiigusi, huenda inakusubiri wewe. MetaPost ina tabia ya kizamani: isipokatazwa, ikikosa faili inauliza jina la faili jingine na kungoja jibu. Maneno yote yakiwa yameelekezwa kwenye logi, swali hulioni. Mgeni anapiga hodi mlango wa uani, wewe umekaa barazani.

Hapo ndipo pa kuisimamisha, kisha endesha `make -j1 </dev/null`. Ile -j1 inazipanga kazi ziende moja moja. /dev/null, faili lisilo na kitu, inaikosesha mpost mtu wa kumuuliza, kwa hiyo inakufa papo hapo na kuacha sababu kwenye faili la .log. Tafuta mstari unaoanza na alama ya mshangao. Mingine ni kelele.

Sababu ninayokutana nayo sana huku kwetu inatokana na bei ya bando. Watu wanaletewa vifurushi vya TeX, mfumo wa kuchapa unaokuja na MetaPost, kwa flashi, wanavinakili kwenye folda, na faili lipo kweli, ila TeX inasoma orodha yake ya zamani ya mafaili. Endesha `mktexlsr` kama ruti (mtumiaji mkuu wa mashine), orodha itaandikwa upya.

Kama si hilo, angalia kumbukumbu kwa `free -h`. RAM ikiisha, mashine inahangaika na diski na kila kitu kinajikokota. Ile -j1 inasaidia hapo pia.

Umeme ukikatika katikati, futa folda yote ya mf/out, fonti zinapojengewa, kabla ya kuanza tena, kwa sababu make ikikuta fonti nusu yenye tarehe mpya inaihesabu imekamilika. Na kama betri ndogo ya saa imekufa, rekebisha tarehe kwanza, maana make inaamua kwa kulinganisha tarehe za mafaili.