Mizani, magamba na hicho "kiwango kikubwa"

Msomaji wetu wa Likoni anauliza ni neno gani la Kiswahili linalolingana na "scale" la Kiingereza, kwa kuwa binti yake amelikuta katika somo la sayansi, kisha katika ramani, kisha katika maelezo ya samaki, na kila mara maana imebadilika.

Neno moja halipo, na wala hatulihitaji. Waingereza wenyewe wana maneno matatu yaliyogongana kwa sauti: la kupimia uzito lilitoka kwa watu wa Skandinavia na asili yake ni bakuli, la samaki lilitoka katika Kifaransa cha kale na asili yake ni ganda, na la vipimo lilitoka katika Kilatini na asili yake ni ngazi. Sisi mgongano huo haukutufika. Muuza samaki akimpara changu, magamba humrukia hadi kwenye mizani iliyo kando yake, na sijamsikia mnunuzi wa Mombasa akivichanganya vitu hivyo viwili. Katika ramani tunasema skeli: ramani ya skeli ya 1:50,000 ina maana kwamba sentimita moja ya karatasi ni nusu kilomita ya ardhi. Matetemeko nayo yana kipimo cha Richter, kilichobuniwa mwaka 1935.

Tatizo limeanzia kwa watafsiri, ambao walipokuta "scale" limeambatana na ukubwa, yaani "on a large scale", waliandika "kwa kiwango kikubwa", na tangu hapo msemo huo umeenea kama magugu. Juzi nimesikia katika taarifa ya habari kwamba "wavuvi wameathirika kwa kiwango kikubwa na kusi", yaani upepo utokao kusini. Kiwango gani? Kiwango ni kadiri inayoweza kutajwa au daraja inayoweza kupangwa: kiwango cha mshahara, cha riba, cha joto. Mtu akikuuliza "ni kiasi gani?" uwe na jibu. Katika sentensi ile hapana idadi ya vyombo vilivyolazwa pwani, hapana kilo za samaki zilizopungua, hapana hata siku za kukaa bila kwenda baharini. Yako maneno matatu yaliyokalia nafasi ya neno moja, "sana". Kwa msemo huo huo nimesoma kwamba mvua imenyesha kwa kiwango kikubwa, ilhali tuna mvua kubwa, na kwamba bibi harusi alifurahi kwa kiwango kikubwa, kana kwamba furaha yake ilitiwa katika pishi ikapimwa.

Kilimo cha kiwango kikubwa nimekwisha kukiachia, maana ekari zinahesabika, ingawa "kilimo cha mashamba makubwa" kingetosha. Kwa wavuvi sitalegea. Mvuvi anayerudi Likoni akiwa na dema tupu humwambia mkewe, "Kusi imetuumiza sana mwaka huu," naye mtangazaji angeweza kusema hivyo hivyo.